Mdai Asimame Nje



Alhamisi moja ya mwezi Julai nilikuwa ofisini parokiani najaza vyeti vya ubatizo, simu yangu ikaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulisema kwamba mama fulani, majina yake yote matatu yakiwa yameandikwa, ni tapeli aliyetoroka na fedha za watu. Kwamba mimi nimeandikwa kuwa mdhamini wake. Na kwamba asipolipa kabla ya saa kumi jioni, picha yake itasambazwa kwa kila anayemfahamu. Chini yake ilifuata picha yenyewe. Ilikuwa ya kitambulisho chake cha taifa, imekuzwa, na juu ya uso wake limeandikwa neno MWIZI kwa rangi nyekundu.

Namfahamu mama huyo. Anauza maandazi na chapati karibu na kituo cha daladala, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kwa miaka sita ametunza fedha za jumuiya yake ndogondogo bila shilingi kupotea. Sijawahi kumdhamini kwa mtu yeyote, wala hakuwahi kuniomba. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake kwa sababu ile ile inayoifanya iwe kwenye simu za nusu ya waamini wangu: mgonjwa akizidiwa usiku, wajue pa kumpata padre.

Nilimwita mimi, yeye asingekuja. (Nasimulia kwa ruhusa yake, na hakuna lolote hapa lililotoka katika kitubio. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike.) Kufikia jioni ile ujumbe uleule ulikuwa umemfikia mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu wa mtoto wake, fundi bomba aliyemfanyia kazi miaka mitatu iliyopita, na mkwe wake. Alipofika kwenye neno mkwe ndipo alipoanza kulia. Wasomaji wangu wanajua uzito wa mkwe, sina haja ya kueleza.

Tulichukua kalamu na daftari tukaanza kupiga hesabu. Mara ya kwanza aliomba shilingi 100,000 kupitia aplikesheni aliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp. Zikaingia 70,000. Ile 30,000 ilikatwa palepale, ikiitwa ada ya huduma, na baada ya siku 7 alitakiwa kurudisha 100,000 kamili. Siku ya saba hakuwa nayo. Aplikesheni ya pili ikampa za kulipa ya kwanza, ya tatu ikampa za kulipa ya pili, na baada ya miezi miwili zilikuwa tano. Tulipojumlisha, fedha zilizoingia mkononi mwake zilikuwa 420,000. Alizokwisha kulipa zilikuwa 510,000. Na bado walikuwa wanamdai 230,000, faini za kuchelewa zikiwemo.

Tutazame mkopo ule wa kwanza peke yake. Alipokea 70,000, akalipia matumizi yake 30,000 kwa wiki moja. Hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 70,000, mwezi mzima, hiyo ni shilingi 2,450. Mama huyu anajua kupiga hesabu. Mtu anayeuza maandazi kwa faida ndogondogo anajua hesabu kuliko mimi. Lakini kwenye kioo cha simu neno riba halikuwepo mahali popote. Palikuwa na ada, na palikuwa na muda.

Ndugu zangu, naandika haya katika Jumapili ya 25 ya Mwaka C. Wale waliokwenda Misa wamemsikia nabii Amosi, sura ya 8, akiwasema wafanyabiashara wa Samaria ambao hata sikukuu ya mwezi mwandamo inawachosha. Wanaulizana itakwisha lini wafungue maghala. Wanapunguza kipimo cha nafaka, wanaongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha, wanachezea mizani, na mwisho wake wanamnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Tazameni jinsi wizi huo ulivyo wa kimyakimya. Hakuna aliyevunja mlango. Mnunuzi amekuja mwenyewe, amelipa, ameshukuru, ameondoka na pungufu. Aliyeomba laki akapewa elfu sabini amepimiwa kwa kipimo hicho hicho.

Kisha ikafuata Injili ya wakili asiye mwaminifu, Luka 16, ambayo mapadre wengi tunaikwepa kwa sababu ni ngumu kuihubiri. Bwana anawezaje kumsifu mwizi? Mdaiwa wa kwanza ana deni la vipimo 100 vya mafuta, wakili anamwambia aandike 50. Wa pili ana deni la 100 za ngano, anaandika 80. Wapo wafafanuzi, mmojawao Mjesuiti Joseph Fitzmyer aliyebobea katika Injili ya Luka, wanaoona kwamba kile kilichofutwa hakikuwa mali ya tajiri. Kilikuwa kamisheni ya wakili mwenyewe. Torati ilikataza riba baina ya ndugu, kwa hiyo nyongeza haikuandikwa waziwazi. Iliingizwa ndani ya deni, hati ikaonyesha kiasi kimoja tu. Mtu amepokea mafuta 50, hati inasema anadaiwa 100. Si wataalamu wote wanaokubali tafsiri hiyo, na sitaki kuwalazimisha. Lakini tangu nilipokaa na lile daftari la mama, kwangu mfano huu haujawahi kueleweka kwa urahisi kama mwaka huu. Wakili alipobanwa alifanya jambo moja la maana: aliirudisha hati kwenye ukweli wake.

Sasa niseme jambo ili nisieleweke vibaya, hasa kwa kuwa kila neno la padre linapimwa. Sina ugomvi na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008. Mimi nilikuwa padre kijana kijijini, na ninakumbuka ilivyokuwa kabla yake: kumtumia mzazi fedha ilikuwa ni kumpa kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu. Mwaka 2012 wenzetu wa Kenya walianza M-Shwari, sisi mwaka 2014 tukapata M-Pawa, na kwa mara ya kwanza mtu asiye na hati ya nyumba, asiye na mwajiri, aliweza kukopa kutoka benki akiwa kibandani kwake. Hilo ni jambo jema. Benki zetu kwa miaka mingi zilimtazama muuza maandazi kama mtu asiyekuwepo. Ukiniuliza nani aliyemfungulia mlango mkopeshaji haramu, nitasema sehemu ya jibu iko hapo: alikuta watu wengi wamesimama nje ya jengo la benki, akawafuata walipo.

Ubaya ulianzia kwenye kubofya "Kubali". Unapopakua aplikesheni ya namna hii, kabla haijakupa senti inaomba ruhusa: isome majina yote ya kwenye simu yako, isome ujumbe wako mfupi, ione picha zako, ijue ulipo. Ujumbe mfupi inausoma ili ione miamala yako na kukadiria uwezo wako wa kulipa. Hilo unaweza kulielewa, mkopeshaji yeyote angependa kujua kipato chako. Lakini majina 400 ya watu unaowafahamu ni ya nini? Hayo ndiyo dhamana. Hukuweka shamba wala baiskeli, umeweka aibu yako mbele ya mkwe wako.

Miezi hii nimekuwa nikirudi mara kwa mara kwenye kifungu kimoja cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambacho sikumbuki kama niliwahi kukihubiri. Kinasema kwamba ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje. Yeye mwenyewe ndiye atakayeingia na kukutolea. Nilipokuwa seminarini mwalimu wetu wa Maandiko alikipita haraka, na sisi tuliona ni adabu tu za watu wa kale. Sasa ninaona sheria ile ilikuwa inalinda nini. Mdai ana haki ya kulipwa, Torati haikatai. Ila deni halimpi ruhusa ya kuvuka kizingiti, kupita katikati ya watoto, kuona godoro lilivyochakaa, kufungua sanduku, na kuchagua mwenyewe kile kitakachouma zaidi. Maskini anabaki na mlango wake, na ndani ya mlango huo bado ni mwenye nyumba.

Simu ya leo ni nyumba. Ndani yake mna picha za mazishi ya mama yako, ujumbe wa mwenzi wako, majibu ya vipimo vya hospitali uliyoyapiga picha, namba ya padre wako. Aplikesheni ile haikusimama nje. Iliingia siku ya kwanza, kabla ya deni hata kuwepo, ikabeba kila kitu, ikakaa nacho ikisubiri siku ya saba.

Katika sura hiyohiyo, aya chache juu yake, imeandikwa kwamba mtu asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana huko ni kuchukua uhai wa mtu. Bila jiwe hakuna unga. Nawaachia mfikiri wenyewe juu ya simu zinazouzwa kwa mkopo ambazo malipo yakichelewa zinajifunga zenyewe. Kampuni inasema ni haki yake, mali haijalipiwa bado, na kisheria sina hoja ya kuipinga. Lakini kwa bodaboda anayepigiwa na wateja, ile simu ni jiwe la kusagia. Ukiifunga, umezuia pia zile fedha ambazo angekulipa.

Je, nchi yetu imekaa kimya? Hapana, na ni haki kusema hivyo. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo na inapokea malalamiko. Chini ya sheria hiyo, taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali iliyotajwa, na zitumike kwa sababu hiyo. Kumtumia fundi bomba picha ya kitambulisho changu haiwezi kuwa sababu halali kwa tafsiri yoyote. Tena mimi niliyepokea ujumbe ule nami nimekosewa. Namba yangu ilichukuliwa bila mimi kuulizwa, nikaandikwa mdhamini bila kusaini popote. Mama yule hakuwa na uwezo wa kutoa idhini kwa niaba ya watu wote 400 waliomo kwenye simu yake.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo kabla yetu. Walibadilisha sheria yao ya Benki Kuu mwaka 2021, wakatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na mwaka 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data akazitoza faini kampuni za mikopo zilizosumbua ndugu na marafiki wa wadaiwa. Mwaka huo wa 2023 Google nayo ilikataza aplikesheni za mikopo zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji, na kwa kanuni zake mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu hauruhusiwi kutangazwa hapo. Ndiyo maana mama yule hakuipata dukani. Aliletewa kiungo kwenye WhatsApp, akakibofya, aplikesheni ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo orodha ya aplikesheni 69 inapokutana na ugumu wake. Jina likifungiwa leo, kesho linarudi jina jingine lenye rangi nyingine na maneno yaleyale. Sheria nzuri iliyoko kwenye tovuti haimfikii mtu aliyekaa saa tano usiku na mtoto mwenye homa, simu mkononi. Nimewauliza akina mama wa WAWATA katika parokia yangu ni wangapi wanajua kuwa kuna Tume ya taarifa binafsi. Waliokuwepo walikuwa zaidi ya arobaini. Mikono miwili ilinyanyuka, na mmoja alikuwa karani wa mahakama.

Kuna jambo lingine la kisera ambalo naona limesahaulika katika mjadala huu. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Fedha ipo, na riba yake ni sifuri. Lakini inatolewa kwa vikundi, inahitaji katiba ya kikundi, akaunti, andiko la mradi, vikao na subira ya miezi. Aplikesheni ya kitapeli inahitaji dakika tano. Mtu akinambia kwamba maskini ni wavivu wa kufuata utaratibu, namwomba akaandike hilo andiko la mradi akiwa amesimama mbele ya karai la mafuta ya moto.

Kanisa si geni katika mambo haya, na historia yake ina mchanganyiko. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikataza mapadre na mashemasi kutoza riba, jambo linaloonyesha kwamba walikuwepo waliokuwa wakitoza. Mtaguso wa Tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliwanyima wala riba wanaojulikana Komunyo na maziko ya Kikristo. Makatazo hayo hayakumpa maskini mahali pa kukopa. Aliyekosa mbegu msimu wa kupanda alibaki kukosa mbegu. Wafransisko wa Italia ndio waliosogea hatua ya pili: mwaka 1462 huko Perugia walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani ndogo na malipo kidogo ya kuendeshea ofisi. Wanateolojia wakagombana kwa miaka mingi kama yale malipo kidogo ni riba au siyo, hadi Mtaguso wa Tano wa Laterani ulipoyaruhusu mwaka 1515. Papa Benedikto wa 14 aliandika tena juu ya riba mwaka 1745. Siku hizi hatusemi kwamba kila riba ni dhambi. Lakini Katekismu, katika namba 2269, bado inazungumza kwa ukali usiotarajiwa juu ya wale ambao biashara zao za riba ya kinyonyaji zinaleta njaa na kifo kwa ndugu zao: inawahesabu kuwa wauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kifungu hicho kipo chini ya amri ya tano. Seminarini niliisoma riba chini ya amri ya saba, kama suala la mali, na mtihani wake nilifaulu vizuri.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita.

Nilimuuliza mama yule ile laki ya kwanza aliitaka ya nini. Nilidhani ni ada ya shule, au dawa. Alinyamaza muda mrefu akitazama daftari. Kisha akasema, "Baba, ilikuwa ahadi ya ujenzi."

Tunajenga nyumba ya mapadre na ukumbi. Mwezi Februari kila familia ilijaza karatasi ya ahadi, na mwezi Mei kamati ikaona mapato yanasuasua. Katika kikao nilichokiongoza mimi, tukaamua kubandika orodha kwenye ubao wa matangazo karibu na lango la kanisa: jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Wasiolipa kitu waliwekwa ukurasa wa kwanza. Nakumbuka mzee mmoja alisema kwamba watu wakiona majina yao watapata ari, sote tukacheka kidogo, tukapitisha. Jumapili mbili mfululizo nilitangaza mwishoni mwa Misa kwamba orodha ipo, wenye macho wakasome.

Mama yule alikuwa ukurasa wa kwanza, nafasi ya tatu, 100,000.

Sikuwa na la kumjibu. Picha ile nyekundu kwenye simu yangu na karatasi ile ubaoni zilikuwa zinafanya kazi moja. Wale waliwaambia watu anaowafahamu, na mimi niliwaambia watu anaowafahamu. Wao walimwita mwizi, sisi hatukumwita hivyo, na hiyo ni tofauti ya kweli, lakini sijui kama mtu aliyesimama mbele ya ubao ule na watoto wake aliisikia tofauti hiyo. Ahadi aliiandika kwa hiari yake. Aplikesheni nayo aliipakua kwa hiari yake. Nimehubiri miaka mingi juu ya senti mbili za mjane katika hekalu, nikiwasifu watu wanaotoa katika ufukara wao, na mara chache nimewasomea aya zilizo kabla tu ya habari hiyo katika Marko 12, ambapo Bwana anawashutumu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu.

Orodha niliitoa jioni hiyohiyo kwa mkono wangu. Jumapili iliyofuata nilieleza sababu, bila kumtaja mtu. Kamati haikufurahi. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, alikuja ofisini akaniambia, "Baba Paroko, bila orodha ukumbi hautaisha." Anaweza kuwa sahihi. Mapato ya Agosti yalishuka, na nondo za ghorofa zinapata kutu.

Siwezi pia kuwaacha wakopaji bila neno, kwa sababu si kila deni linaanzia kwenye ahadi ya ujenzi au homa ya mtoto. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na siku hizi harusi zenyewe ndizo zinazokopewa. Vijana wananijia kuandikisha ndoa wakiwa wamekwisha kukopa za ukumbi, za suti sita zinazofanana na za mpiga picha wa kurusha ndege angani, na mwezi wa pili wa ndoa wanaanza kugombana juu ya marejesho. Yoshua bin Sira, sura ya 18, anamwonya mtu asijifanye fukara kwa kufanya karamu za fedha ya mkopo huku mfuko wake ni mtupu. Sura ya 29 anawageukia wakopaji wanaobusu mkono wa mkopeshaji siku ya kupokea, na siku ya kulipa wanajibu kwa matusi. Anasema kwa sababu ya watu hao wengi wenye moyo mwema wameacha kukopesha, wakiogopa kupoteza mali bure. Ni mwandishi mwenye uzoefu, unaona kabisa aliwahi kudhulumiwa. Lakini hamalizii hapo. Anasema pamoja na hayo, mvumilie mnyonge, msaidie kwa ajili ya amri. Katika mwaka wa Jubilei wa 2025, ambapo Kanisa liliyaomba mataifa tajiri kusamehe madeni ya mataifa maskini, nilijiuliza ni rahisi namna gani kuunga mkono msamaha wa mabilioni ya Washington na Paris huku nikiwa na faili la wadaiwa wa parokia kabatini.

Katika jumuiya ya mama yule hawakusubiri nimalize kujiuliza. Wanawake tisa walikaa wakachanga 180,000 kutoka kwenye kikoba chao, akalipa zile mbili zilizokuwa na leseni, kwa maana mbili kati ya zile tano zilikuwa halali na riba yake haikuwa ya kutisha. Zile tatu hatukuzipata kwenye orodha ya wenye leseni. Karani yule wa mahakama alimshauri asizitumie senti nyingine, ahifadhi kila ujumbe, na apeleke malalamiko kwa Benki Kuu na kwa Tume. Kikoba wanamdai yeye sasa, bila riba, elfu tano kila Jumamosi. Ameshalipa mara sita.

Wiki iliyopita alikuja baada ya Misa ya kwanza, akasubiri watu wapungue. Aliniomba niifute ile picha kwenye simu yangu. Nikamwambia bado ni ushahidi, na karani amesema tusifute chochote mpaka malalamiko yapokelewe. Akakubali, ila akaomba niifungue mbele yake aione mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kuiona; waliitumia kwa kila mtu isipokuwa yeye. Niliifungua. Akaitazama, akasema kitambulisho hicho alipigwa picha akiwa mjamzito, ndiyo maana uso umevimba, kisha akanirudishia simu akaenda kukunja mavazi ya kwaya.

Jumanne tunakwenda naye na karani kupeleka yale malalamiko. Langu pia nimeliandika, kurasa mbili, kama mtu aliyefanywa mdhamini bila kuulizwa.